Chupa Nilimoloweka Ugoro wa Mama Mkwe

Nilitaka kuacha sigara. Hiyo ni kweli, na naiandika kwanza kwa sababu yanayofuata hayanifanyi mtu mzuri.

Kifua changu kilikuwa kimejaa vumbi la kwari ninakochonga mawe, na mke wangu amechoka na moshi kwenye mapazia. Nikanunua vepu, ile sigara ya betri. Maji yake ya dukani yalikuwa na ladha ya peremende. Jirani yetu hapa Kitengela akanionyesha namna ya kutengeneza yangu: unaloweka majani ya tumbaku ndani ya gliserini, chupa ya jemu inakaa kabatini wiki tatu, halafu unachuja kwa kitambaa.

"Umekuwa mpishi wa moshi," mke wangu alinicheka. "Chakula changu hukiangalii hivyo."

Wiki mbili, na bado ilikuwa rangi ya chai hafifu. Nikakosa subira. Kwenye rafu kulikuwa na kikebe cha mama mkwe, aliyefariki kwao Kajiado: bati, kifuniko cha ngozi, ugoro kidogo umebaki ndani. Mke wangu hanusi ugoro. Alikuwa anakifungua Jumapili, anasogeza pua, anakifunga. Nilijua. Sitasema sikujua. Nilitaka kijiko kimoja; ukamwagikia wote chupani, ama niliumwaga, sikumbuki vizuri.

Sikufikiria kwamba ugoro wa kule husagwa na magadi. Kesho yake chupa ilikuwa nyeusi kama oili ya lori. Nilichuja mara nne.

Jumapili mchana, mke wangu akiwa kanisani, nikavuta. Ilinikata koo. Moshi ukakaa katikati ya chumba, juu ya stuli, kimo cha mtu aliyeketi. Pengine ni kwa sababu hakukuwa na upepo. Lakini harufu ilikuwa ya shuka iliyolala karibu na moto, na maziwa ya kibuyu. Nikakohoa, mara mbili, fupi, halafu kimya. Hicho kikohozi hakikuwa changu. Ndivyo mama mkwe alivyokuwa akikohoa akiamka. Lakini magadi huchoma koo la mtu yeyote.

Mlango ukafunguka. Mke wangu alisimama na Biblia mkononi, akiangalia stuli.

"Yeyo?"

Ndivyo Wamaasai humwita mama. Alisema kama mtu aliyeitwa.

Nikamwambia yote. Akakishusha kikebe, akakipindua, akakigonga kiganjani. Hakuna kitu. Nilingoja anitukane, ilikuwa haki yake.

Akafunga mlango. Akafunga na dirisha. Akaketi sakafuni mbele ya stuli, miguu ameikunja kama msichana.

"Imebaki ngapi?"

"Nusu chupa."

"Vuta."

"Si ulisema niache?"

"Baba watoto, vuta. Polepole, isiishe leo."

Nikavuta. Kikohozi kikaja, mara mbili, na mke wangu akaanza kuisimulia ile stuli habari za watoto wetu kwa Kimaasai, lugha ambayo huwa haongei na mimi.