Neno Lililompeleka Jogoo Mumias

Aibu hii ningeweza kuificha, maana mtu anayehamahama huziacha aibu zake nyuma kama viatu vilivyochanika, lakini hii imenifuata kila soko ninaloingia, kwa hiyo afadhali muisikie kwangu mwenyewe.

Niliacha shule darasa la saba, nikauza miwa Mayoni, nikabeba matofali, nikaendesha boda boda ya mtu, na kila nilipokwenda niliuliza maswali mengi kuliko nilivyofanya kazi. Ndivyo nilivyomwuliza Mzee Jairo, pale Khayega, ni karata gani hizo watu wanne wanazicheza kimya kama wako kwenye maombi. Akasema ni briji, akavuta kiti, akanifundisha. (Miaka miwili, na sikuhama, jambo ambalo hata mama yangu hakuliamini.)

Mnacheza wawili wawili, mwenzako akikaa mkabala nawe. Kwanza mnanadi: kila mtu kwa zamu yake anataja ahadi au anasema pasi. Ukisema "nne kopa" umeahidi kula raundi kumi kati ya kumi na tatu, kopa, zile karata za moyo mwekundu, zikiwa turufu. Ukisema "sita kopa" umeahidi kumi na mbili, na ikikosekana hata moja mmeanguka. Sisi tunanadi kwa mdomo, na sheria aliyoiweka Mzee Jairo mwenyewe ni kwamba neno likitoka limetoka.

Jumamosi ile walikuja watu wa Mumias. Mshindi huondoka na jogoo, na kila mwaka jogoo huyo alikuwa akienda Mumias. Mzee Jairo hakuwahi kumbeba hata mara moja, na Jumatatu alikuwa anahamia Lugari kwa mwanawe, kwenye mahindi, mahali ambapo hakuna mtu wa kucheza naye.

"Nataka nishuke Lugari na ingokho, huyu jogoo, mkononi," aliniambia asubuhi. "Kijana wangu ananiulizanga hizi karata zilinipatia nini."

Kosa langu lilianza na kiti. Ningeweza kukaa upande wa ukuta, lakini nilichagua cha dirishani, kwa sababu napenda kuona mvua ya alasiri ikitoka upande wa msitu, inavyokuja polepole, mabati ya mbali yakianza kunong'ona kabla ya yetu. Wapinzani wetu walikuwa Bwana Swaleh na dada yake Zuhura. Katika chumba cha pili wenzetu wawili walikuwa wakicheza na Mumias wengine wawili, wakishika karata zilezile za Swaleh na Zuhura, kisha hesabu zinalinganishwa. Tulifika mgao wa mwisho wa karata tukiongoza kidogo.

Mzee Jairo akanadi moja kopa, Swaleh akasema pasi, mimi tatu kopa, Zuhura pasi, Mzee Jairo nne kopa, Swaleh pasi. Nami nilichotakiwa kusema ni pasi tu, neno ambalo hata kasuku angeliweza.

Lakini mvua ilikuwa imefika. Nilikuwa nikitazama matone yakitembea kwenye kioo, moja likimeza jingine, nikijiuliza tone linajuaje njia, na ndipo Mama Phoebe, muuza chai, akachungulia dirishani na chupa yake chini ya mwavuli.

"Wafula, utakopa chai ama utakaa njaa?"

Sasa, mtu mwingine yeyote Khayega angejibu "sikopi". Lakini mimi hupenda kuokota maneno mazuri (ndiyo elimu niliyobaki nayo), kwa hiyo nikajibu kwa sauti safi, bila kugeuka:

"Sitakopa."

Nilipogeuka, kila mtu alikuwa ananitazama, hata jogoo, aliyefungwa kwenye mguu wa meza.

"Sita kopa?" aliuliza Zuhura taratibu, kama anayeonja.

"Ilikuwa ya chai," nikasema.

Swaleh alikuwa muungwana. "Mzee Jairo, wallahi ukisema tuiache, tunaiacha."

Mzee Jairo akazipanga upya karata zake. "Mwaka jana ulikohoa ikatoka 'tano', na mimi nikakushika nayo," akasema. "Sita ni sita. Wafula, laza."

Mwenza wa mchezaji hulaza karata zake mezani na kunyamaza hadi mwisho, tunamwita maiti. Basi nikawa maiti, na niwaambieni, maiti anaona kila kitu. Niliona kwamba tukipoteza raundi moja kwa esi wa uru wao, ambaye hakuepukika, bado tungefika kumi na mbili. Kopa zilizokuwa nje zilikuwa tatu tu, malkia akiwamo, na mara nyingi hugawanyika kwa wapinzani wawili, malkia huanguka. Mzee Jairo akacheza esi wa kopa: Swaleh akatupa shupaza. Zote tatu zilikuwa kwa Zuhura, na malkia wake angekula raundi. Mzee aliendelea kucheza kwa upole, karata baada ya karata, mvua ikipiga mabati, na mimi nikaelea mahali fulani juu ya meza nikijiona nimekaa pale. Raundi kumi na moja, pungufu kwa moja. Katika chumba cha pili Mumias walikuwa wamesimama kwenye nne, wakafaulu.

Zuhura akamfungua jogoo. "Ningemwachilia tu," akasema, "njia anaijua."

Mzee Jairo akashuka Lugari mikono mitupu. Wiki iliyofuata alinipigia simu, nikajiandaa kwa lawama.

"Nimenunua jogoo wangu," akasema. "Nimemwita Sitakopa. Anawikanga kabla ya saa yake."

Kisha akacheka mpaka akakohoa, na mimi, niliyekuwa nimeshafunga mfuko wangu nihame, nikaufungua.

Neno lile nimeapa halitatoka tena kinywani mwangu. Mama Phoebe anajua. Kila alasiri huja dirishani akaniuliza, "Utakopa ama?" na mimi hunyoosha mkono, kimya, nikapokea kikombe.