Kwa Nini Niliitetea Albamu ya Mvua

Mpaka leo nikiulizwa nasema wazi kwamba albamu ya Mvua ilikuwa mbovu. Ilikuwa fupi, ilikuwa na wimbo mmoja ambao mpiga gitaa alionekana kuusahau katikati, na mwimbaji wake aliimba kama mtu aliyeamshwa ili apokee mgeni asiyempenda. Lakini Jumapili moja, nikiwa na miaka kumi na mitatu, niliitetea mbele ya watu watatu walionizidi umri mpaka koo likanikauka. Niliongopa kwa ufasaha ambao sijawahi kuufikia tena.

Tulikuwa tukiishi Lemara, mjini Arusha, miaka ile ya ruksa, vitu vilipoanza kuingia nchini kwa wingi na kila mtu akawa na cha kujaribu. Mitumba ndiyo iliyotuingia mwilini kwanza. Arusha ya mwezi wa saba ina baridi kali, ukungu unashuka kutoka Mlima Meru na kukaa mpaka saa nne asubuhi, kwa hiyo vijana wengi walitafuta majaketi. Kaka yangu alijichagulia koti refu jeusi la kike, lenye vifungo upande usio wake, akalivaa nyumbani, shambani na kanisani. Mama akamuuliza kama amesimikwa uchungaji. Baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alimtazama siku ya kwanza akasema, "Huyu anakwenda kumzika nani?"

Koti lilikuwa kwa ajili ya bendi. Ilikuwa bendi ya Ulaya ya watu waliovaa nyeusi tupu, wamejipaka uso mweupe kwa poda, wanapiga muziki mzito wa huzuni kama kwamba msiba umeingia kwao na hautoki. Sisi tuliwaita Wafiwa. Walitufikia kupitia rafiki mmoja wa kaka, Mmeru, ambaye mjomba wake alikuwa mlinzi wa kambi ya malori ya watalii upande wa Kisongo. Wazungu wa malori yale walikuwa na maboksi ya kanda, na ukiwasalimia vizuri walikuazima moja kwa siku moja au mbili. Tulikuwa na redio ya milango miwili ya kanda, hivyo kazi ya kurekodi ilifanyika sebuleni kwetu.

Majina halisi ya albamu yalirudi Ulaya pamoja na maboksi yake. Zilizobaki kwetu tulizipa majina yetu. Ya kwanza ilianza na kengele ya kanisa, ikawa Kengele. Ya pili jalada lake lilikuwa na popo, ikawa Popo. Ya tatu ilianza na mvua, ikawa Mvua. Mashabiki walikuwa wanne: kaka, rafiki wa Kimeru, rafiki wa tatu ambaye baba yake aliuza vitambaa katika mitaa ya zamani ya mjini, na mimi. Mimi sikualikwa. Nilikuwa nakaa tu palepale mpaka wakazoea.

Sasa niseme kilichokuwa mwishoni mwa kanda ya Mvua, maana bila hicho nisingefungua mdomo.

Bibi yetu, mzaa baba, aliishi Machame na hakujua kuandika. Barua zake zilikuwa kanda. Alikwenda kwa jirani mwenye redio, akaketi, akasema nusu Kichaga nusu Kiswahili, kisha kanda ikapewa yeyote anayekuja Arusha. Alimsalimia kila mtu kwa zamu, kuanzia baba kushuka chini. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa heshima zake, alipomtaja mtu alinyamaza kidogo ili aamkiwe, kisha akajibu, "Marahaba." Kwa hiyo sisi sebuleni tulipiga shikamoo kwelikweli, mbele ya redio, na ole wako uchelewe akujibu kabla hujamwamkia. Mimi ni kifunga mimba, hivyo zamu yangu ilikuwa ya mwisho kabisa, upande wa pili, kanda ikikaribia kuisha. Nilikuwa nakaa na shikamoo yangu mdomoni karibu saa nzima.

Kanda ya mwisho aliyotuletea ilifika kaka akiwa shule ya bweni. Miezi michache baadaye bibi alipata kiharusi. Upande wa kulia ukapooza na ulimi ukafungwa. Baba alimleta kwetu, akalazwa chumba cha nyuma chenye dirisha la kuelekea mlimani, na tangu hapo aliyempa shikamoo alijibiwa kwa mkono wa kushoto ukiinuka kidogo juu ya blanketi. Ndipo mama akaanza kuitafuta ile kanda. Aliligeuza boksi la viatu tulimowekea kanda, akaligeuza tena, mwishowe akaamua kwamba ameiazima kwa shangazi na shangazi ameipoteza. Walikaa muda mrefu bila kuelewana vizuri.

Shangazi wa watu hakuwa na kosa. Kanda za bibi hazikuandikwa kitu juu, na kaka aliporudi likizo alichukua kanda tupu kwa macho yake, akarekodia Mvua. Baba alikuwa na desturi ya kuvunja vile vipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kila kanda ili isifutike. Kaka hakujiuliza kwa nini, aliziba matundu kwa karatasi ya daftari, na redio ikakubali. Niliyagundua haya peke yangu, siku moja nikipiga pasi, nilipoiacha Mvua ikaendelea baada ya wimbo wa mwisho. Kimya kikapita, kitu kikalia kwaa, kisha sauti ya bibi ikasema, "Na wewe wa mwisho." Niliunguza kola ya shati la baba.

Albamu ilikuwa fupi, kanda ilikuwa ndefu. Salamu za baba, za mama, za kaka, zote zilikuwa zimeliwa na Wafiwa. Yangu tu ilibaki. Sikumwambia mtu. Ningesema, baba angejua ni nani aliyeifuta sauti ya mama yake ambayo haitarudi, na baba hakuwa mtu wa kupiga, alikuwa mtu wa kununa. Kaka angenuniwa miaka. Nilimpenda sana kaka yangu, na koti lake lile la kike. Basi nikawa naisikiliza peke yangu, redio nimeibana sikioni, na kila mara naamkia.

Jumapili ninayoisema, wazazi wakiwa wametoka, rafiki wa Kimeru alikuja mbio na albamu ya nne, mpya, ambayo lori lingeondoka nayo kesho yake asubuhi. Maduka yalikuwa yamefungwa. Hata yangekuwa wazi, kanda mpya za siku zile zilikuwa feki, zinatafunwa na redio siku ya kwanza. Kulikuwa na njia moja tu: albamu mbovu kuliko zote ifutwe, ya nne iingie mahali pake.

"Tujadili kistaarabu," akasema rafiki wa vitambaa. Huyu alijua Kiingereza kuliko sisi, alikuwa amenakili mashairi yote kwenye daftari, na alipenda kubishana kwa kuhesabu vidole. "Mimi nasema Kengele ndiyo baba yao. Hakuna mjadala. Popo inafuata. Mvua ni takataka."

"Popo kwanza, bwana!" rafiki wa Kimeru akadakia. Yeye alipiga ngoma kwenye kwaya ya usharika wao. "Sikiliza ngoma za Popo. Kengele ile ni kelele za kanisani, kila Jumapili nazisikia bure. Ila Mvua, kweli, ni takataka."

"Mvua ndiyo nzuri kuliko zote," nikasema.

Wakanigeukia. Kaka alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi, koti limemwagika mpaka sakafuni.

Nikaanza. Nikasema Kengele na Popo ni za watu wanaotaka waonekane wana huzuni, Mvua ni ya mtu mwenye huzuni yenyewe. Nikasema mvua ile mwanzoni si ya kuchezea, inapiga kama ya kwetu inavyopiga bati. Nikasema mwimbaji anaimba kivivu kwa sababu amechoka kulia, na kwamba mtu asiyewahi kuchoka kulia hawezi kuielewa. Hili la mwisho mimi mwenyewe nilishangaa limetoka wapi.

"Haya, wimbo wa tatu je?" akauliza wa vitambaa. "Gitaa linapotea kabisa."

"Amelipoteza makusudi."

"Dogo, acha utani!"

"Unalo daftari la mashairi, unalo la magitaa?" Nilikuwa na mdomo.

"Basi nikuonyeshe uvivu wao," akasema, akaichomeka Mvua upande wa pili, akaisogeza mbele mpaka wimbo wa mwisho. "Sikilizeni jinsi inavyoisha mapema. Kanda nzima iliyobaki ni tupu. Tutaiacha iende, tuhesabu dakika."

Wimbo ukaisha. Kile kimya nilichokijua kikaanza, nami nikafungua kinywa niseme chochote, nianguke, nizimie, na kabla sijaamua, mkono wa kaka ukapita mbele yangu ukabonyeza kitufe. Kanda ikasimama.

"Umeme utakatika tukihesabu dakika," akasema. "Pigeni kura."

Wa vitambaa akasema Mvua ifutwe. Wa Kimeru akasema Mvua ifutwe. Mimi nikasema Popo, kwa sauti ambayo haikufika mbali. Wote tukamtazama kaka, ambaye kila likizo alikuwa akihubiri Kengele nyumba nzima, akiipiga asubuhi akipiga mswaki, akituambia kwamba akifa izikwe naye. Nilijua imekwisha. Nilikuwa nawaza tu nitawezaje kukaa sebuleni pale nikiisikia redio inavyoifuta.

Kaka akainuka. Akaitoa Mvua, akaweka albamu ya nne mahali pake, kisha akachukua Kengele kutoka mezani, akaitumbukiza kwenye mlango wa kurekodia, akabonyeza vitufe viwili pamoja.

Sijawahi kusikia watu wawili wakipiga kelele kama zile. "Umerogwa?" wa vitambaa akauliza. "Hiyo ndiyo baba yao! Umesema mwenyewe!"

"Kengele ni yangu," kaka akasema. "Naijua kwa kichwa. Sihitaji kanda."

Wa vitambaa aliondoka kwenda kuswali alasiri bila kuaga, na alimnunia kaka wiki nzima. Wa Kimeru alibaki mpaka albamu ya nne ikaisha, akairudisha kambini. Ya nne, kusema kweli, haikufika hata nusu ya Kengele.

Walipoondoka nikaichukua Mvua haraka. Niliamua kutoa ile karatasi kwenye matundu, ili asitokee mwingine wa kuifuta. Nikaigeuza mgongo, nikaingiza kucha. Hapakuwa na karatasi. Matundu yote mawili yalikuwa wazi, safi, na ukingoni mwa moja kulikuwa na alama ya ncha ya kisu.

Nikainua macho. Kaka alikuwa amesimama mlangoni.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu Pasaka." Akavuta pua. "Nilikukuta umelala, redio iko sikioni. Nikasikiliza ulikuwa unasikiliza nini."

Tulitazamana. Alikuwa na aibu, nami nilikuwa na hasira kidogo kwamba siri yangu ilikuwa ya wawili muda wote ule. Kisha akaibeba redio, nami nikabeba kanda, tukaenda chumba cha nyuma.

Bibi alikuwa macho, kichwa kimeelekea dirishani. Kaka akaiweka redio kwenye stuli, akaanza pale wimbo wa mwisho ulipoishia. Kimya kikapita, ikalia ile kwaa, na sauti yake ikaingia chumbani.

"Na wewe wa mwisho. Kifunga mimba wangu."

Ikanyamaza, kama ilivyokuwa desturi. Nikasema, "Shikamoo bibi."

"Marahaba," ikajibu redio. Midomo ya bibi ilitikisika kitandani. "Sikukuweka mwisho kwa kukusahau. Nina mtetea mweupe hapa, ni wako, mayai yake sijampa mtu. Na wakikunyoa usilie, nywele zinarudi. Nimemaliza. Mungu awalinde wote."

Baada ya hapo kulikuwa na mvumo wa kanda tu. Bibi alikuwa akitoa machozi kwa jicho moja, lile la upande mzima. Kaka alikuwa amechuchumaa karibu na stuli, na koti lake lilikuwa limekusanyika sakafuni.

"Mimi sikuwahi kuisikia yangu," akasema bila kunitazama. "Nilikuwa shule. Nikaifuta kabla sijaisikia. Alisemaje?"

Ukweli ni kwamba sikukumbuka hata neno. Siku ile kanda ilipofika nilikuwa nimekaa na shikamoo yangu mdomoni, nikingoja zamu yangu, na salamu za wengine zilinipita. Nilimtazama bibi. Naye alikuwa akinitazama mimi, kwa sababu yeye ndiye pekee chumbani aliyejua alichosema.

"Alisema hivi," nikaanza. "Na wewe uliyeko shule kwa watu, ule ushibe, usione haya. Alisema ndizi zako anaziacha mgombani, atakupikia mwenyewe. Alisema basi lenu linapita njia panda ya Machame, na ukipita bila kushuka kumsalimia atajua." Nikaongeza, "Ila kabla ya yote hayo alinyamaza, kama kawaida yake. Alikungoja."

Nilijua bibi anajua ninatunga. Sikuthubutu kumtazama tena.

"Shikamoo bibi," kaka akasema.

Mkono wa kushoto wa bibi ukainuka juu ya blanketi, kama ulivyoinuka kwa kila mtu. Lakini haukurudi chini. Ukabaki juu, ukimtafuta, mpaka kaka alipoelewa akasogea na kuinamisha kichwa chini yake. Ukatua. Tukakaa hivyo, mvumo wa kanda ukiendelea, hadi kitufe cha redio kiliporuka chenyewe.