Chupa Namba Mia Mbili Kumi na Nne

Wifi yangu Dorosela anapika chapati kuliko mtu yeyote hapa Makambako, na sisemi hivyo kwa kuwa ni dada wa mume wangu. Dada wa mume hasifiwi bure. Madereva wa malori yanayokwenda Songea wanamwita kwa jina, na mimi niliyeanzisha kibanda naitwa "wewe mama wa chai".

Lakini kukaa kwake mbele ya jiko si jambo la zamani. Alianza kuanguka kifafa akiwa na miaka kumi na tisa, kwao Lupembe. Mara ya nne aliangukia motoni, na ngozi ya mkono wake wa kushoto imekunjamana hadi leo. Mchumba akatoweka kimyakimya. Mama yake, ambaye ni mama mkwe wangu, akampiga marufuku kusogelea moto, na kwa miaka kumi na tano kazi yake ikawa kuchambua maharage, mtu mzima anayepelekewa sahani yake pembeni kwa sababu watu waliamini povu la kifafa linaambukiza. Nami nilipoolewa niliamini hivyohivyo. Naona aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Dawa ya zahanati alikuwa anameza, na bado alianguka mara mbili au tatu kwa mwezi. Mwanzoni mwa mwaka jana wakaja watu wa utafiti wa chuo kikuu. Waliuliza kama tunafuga nguruwe na kama tuna choo, na mume wangu Ambrose akadhani ni mabwana afya wanaotafuta wa kumpiga faini. Kumbe walikuwa wanatafuta wagonjwa wa kifafa, maana minyoo ya nguruwe nayo huweza kuleta kifafa. Dorosela akaandikishwa. Kila mwezi akawa anakwenda kliniki yao Njombe, anarudi na chupa yenye namba 214, ya kuongezea kwenye dawa yake ya kawaida.

Festo, mtumishi wao aliyekuwa akitutembelea, alitueleza vizuri tu. Wapo wanaopewa dawa mpya, na wapo wanaopewa vidonge vinavyofanana nayo ambavyo ndani havina kitu. Nani amepata kipi, yeye hajui, na daktari wa Njombe hajui. Orodha iko kwenye kompyuta, itafunguliwa mwishoni.

"Sasa mnatibu au mnabahatisha?" nilimuuliza. Akacheka, akasema ndiyo njia ya kuupata ukweli.

Basi Dorosela hakuanguka. Mwezi, miwili, mitano. Mwezi wa sita alikuja kibandani, akavuta kigoda, akashika mwiko bila kuomba ruhusa ya mtu. Siku hiyo nilisimama nyuma yake kama golikipa mpaka jioni. Baada ya wiki mbili nikachoka, nikarudi kwenye chai yangu. Nilifurahi kweli.

Mwaka huu, mwezi wa pili, Festo akaja bila koti la utafiti alilozoea kuvaa.

"Kamwene, dada," alinisalimia. "Utafiti umesimama. Serikali iliyokuwa inatoa fedha imekata."

"Serikali yetu?"

"Hapana. Ya huko nje."

"Tumewakosea nini?"

"Hamjawakosea. Wamesema utafiti haumo tena kwenye mipango yao. Hata mimi kazi imeisha. Nimebaki kukusanya chupa tu, Ijumaa naipitia hii."

Dorosela hakuuliza habari za serikali. "Na ile orodha?"

Festo aliangalia chini. Kompyuta yenye orodha iko kwa kampuni hukohuko nje, na mkataba wa kampuni nao umesitishwa. Profesa anaandika barua pepe, hajibiwi.

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma. Kama vidonge vilikuwa vitupu, basi wifi yangu amepata nafuu bila dawa yao, na akae motoni apendavyo. Kama vilikuwa dawa, basi anaachishwa dawa, na kila siku inayopita inamsogeza kwenye kuanguka. Ambrose alisema ni maombi ya kanisani. Nikamuuliza mbona kanisa limemwombea tangu msichana. Akaninunia.

Nilionja kidonge kimoja. Kichungu! Nikamwambia Dorosela hii ni dawa kamili. Akampigia simu Hezekia, mwenzake wa kliniki anayekaa jirani na misheni. Vya Hezekia navyo vichungu, na wiki iliyopita ameanguka mara mbili. Kumbe uchungu wenyewe wamevitia vyote makusudi, tusijue. Nikaipeleka chupa duka la dawa. Muuzaji akaigeuza mara tatu. "Mama, hii haina jina. Nikupe nini sasa?" Daktari wa wilaya naye alisema aendelee na dawa yake ya zamani, ileile aliyokuwa anaanguka nayo, kisha tuone. Tuone nini? Nilitoka pale na hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Ijumaa Festo alifika kweli. Nilimwambia Dorosela aifiche ile chupa, aseme imepotea. Akakataa.

"Vimebaki vidonge kumi na tisa, wifi. Vikiisha si nitakuwa palepale?" Akatia sahihi, akampa. Festo aliiweka kwenye mfuko pamoja na nyingine, akatuaga kwa aibu kama vile yeye ndiye aliyekata hizo fedha.

Leo ni wiki ya sita, na Dorosela hajaanguka. Wiki ya kwanza nilishukuru. Ya pili nikaanza kumtazama mikono. Ya tatu nikamkuta Ambrose naye amesimama mlangoni, anamtazama mikono. Kikombe kikianguka, sote tunaruka. Yeye mwenyewe akipiga chafya, anasita, anasubiri kuona kitakachofuata.

Asubuhi hii alisukuma chapati, akawasha mkaa, akapaka mafuta kwenye kikaango. Kisha akaninyooshea mwiko.

"Kaa wewe, wifi."

"Unajisikia vibaya?"

"Najisikia vizuri kabisa."

"Sasa?"

Alisogeza kigoda chake hadi ukutani, mbali na jiko, akakaa. "Zamani nilijua kwamba naumwa, nikajihadhari. Sasa sijui mimi ni mgonjwa au mzima. Utakaaje motoni hujui hilo?"

Nikashika mwiko, na chapati ya kwanza ikaungua.