Mapatano ya Kuacha Sukari

Daktari alikuwa akizungumza na mama, lakini macho yake yalikuwa kwangu. Mama alikaa kwenye kitanda, mguu wa kulia umenyooshwa, bandeji ya kidole gumba imefunguliwa. Kidonda chenyewe kilikuwa kidogo, ukubwa wa kifungo cha koti, ila kilikuwa hapo tangu tuvune mbaazi na hakikutaka kukauka. Alikipata shambani kwetu Singe kwa kujikwaa kwenye kisiki, na wala hakusikia maumivu. Daktari akasema tatizo liko hapo hapo, kwamba hakusikia maumivu. Sukari ilikuwa imeua hisia za miguu. Isiposhuka, kidonda hakitapona, na kisipopona, kidole kitakatwa. Aliyasema haya kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akanigeukia.

"Na wewe dada, hebu panda kwenye mzani."

Nikapanda. Mzani ulisema nini, sisemi. Nesi aliusoma kwa sauti mpaka watu waliokaa kwenye benchi la nje wakasikia, na hao wanatosha. Wakanitoboa kidole, wakapima, wakaniambia sukari yangu bado haijawa ugonjwa lakini imeshafika mlangoni. Nikipunguza mwili na kuacha vitu vitamu naweza kuikwepa. Nisipofanya hivyo, nitakuja kukaa pale alipokaa mama.

Tulitembea mpaka getini. Hapo mama akasimama, akaegemea fimbo yake.

"Mimi siachi sukari peke yangu."

"Mama, anayeumwa ni wewe."

"Nimesema siachi peke yangu. Tukiacha, tunaacha wote. Na siku utakayoonja wewe, na mimi naonja."

Nilicheka, nikidhani ni maneno ya mtu aliyeshtuka. Lakini mama yangu ni mtu wa milimani, wa Mbulu, aliyeshuka Babati kwa kuolewa, na neno lake likishatoka halirudi ndani. Nikasema sawa mama, tumekubaliana. Sikujua nimekubali nini.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha kazi kiko Bagara, kinatazama barabara, na kutwa nzima nimekaa. Napima miili ya wanawake wenzangu na najua nani ameongezeka kabla mume wake hajajua. Mwili wangu ndio sikuwahi kuupima. Magauni yangu niliyashona mapana, kisha nikafurahi kwamba yananipwaya. Chai ya asubuhi niliinywa na maandazi, soda ilinijia kabla ya mchana, na alasiri nilinunua kashata, au miwa iliyomenywa na kukatwakatwa kwenye mfuko. Pipi niliziweka kwenye kopo la vifungo, maana wateja hawafungui kopo la vifungo.

Nilipoacha ndipo nikaijua hamu ya utamu vizuri. Haifanani na njaa. Njaa ukiipa ugali inanyamaza. Hamu hii inakuja umeshiba, na inakuja na maneno. Inasema leo umeshona gauni la bibi harusi, unastahili kidogo. Inasema mteja amekutukana, jipoze. Inasema kesho ndiyo tutaanza vizuri. Sijawahi kubishana na mtu mwenye hoja nyingi kama hiyo hamu, na mimi ni mbishi, waulizeni wanaonidai nguo.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu kwa namna nyingine. Sisi chai tunaichemsha kila kitu pamoja: maziwa, majani, tangawizi na sukari ndani ya sufuria moja. Hakuna anayejiwekea. Kwa hiyo sukari ilipotoka, ilitoka kwa kila aliyeingia mlangoni. Akina mama wa jumuiya walikuja kusali, nikawamiminia, nikaona wanavyokunywa funda la kwanza na kutazamana. Mmoja akauliza kwa upole kama sukari imeadimika dukani. Nilitamani ardhi ipasuke. Kwetu, chai isiyo na sukari unampa mtu unayetaka aondoke. Mama akajibu bila hata kutua kikombe, "Haijaadimika. Tumeifukuza." Wakacheka, wakamaliza vikombe vyao, na wiki iliyofuata jumuiya ikahamia nyumba nyingine.

Nilianza kupungua, na hapo nikapata maadui ambao sikuwatarajia. Wateja walikuja kuchukua nguo, wananitazama kwanza usoni, halafu shingoni. "Fundi, unaumwa?" "Fundi, una mawazo?" Mmoja alinishika mkono akaniambia kwa sauti ya chini kwamba siku hizi dawa zipo na watu wanaishi miaka mingi, nisiogope. Nilimshukuru. Ningemwambia nini? Mtu akinenepa anaambiwa maisha yamemkubali, akipungua wanaanza kumuombea. Nilikwenda nyumbani nimekasirika, na mama akaniambia niwaache, kwani wao si ndio walionisifu nilipokuwa nahema nikifunga viatu.

Kisha ikaja asali.

Mjomba alishuka kutoka Mbulu na ndoo ya asali, asali nyeusi nzito yenye harufu ya moshi. Mama aliiangalia kama mtu aliyetembelewa na ndugu. Akasema asali si sukari, asali ni dawa. Bibi yake alitibu nayo kifua, majeraha ya moto na vidonda vya tumbo. Mimi nilimaliza kidato cha nne, nilisoma baiolojia, na nikakubali mara moja, kwa sababu ulimi wangu ulishakubali kabla yangu. Tukaanza kuweka asali kwenye chai, na kwenye uji wa ulezi. Jioni tukalamba kijiko kimoja kimoja, cha dawa. Nyumba ikarudi kuwa na furaha. Hata tulikuwa tunapongezana.

Tuliporudi hospitali, sukari ya mama ilikuwa imepanda kuliko mwanzo, na kidonda kimeingia ndani. Yangu pia ilikuwa imesogea. Daktari akauliza tunakula nini. Mama akajibu kwa fahari kabisa, "Sukari hatugusi. Tunatumia asali." Daktari akaweka kalamu chini, akajipangusa uso kwa viganja. Alituambia mwilini asali na sukari zinafika mahali pamoja, na kwamba sisi hatukuwa wa kwanza, karibu kila mtu anayeshuka kutoka huko juu anakuja na ndoo. Njiani nilimwona anauangalia mguu wake kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kuiona, na nikaogopa.

Asali tukamrudishia mjomba. Tukaanza upya, safari hii bila ujanja, na kidonda kikaanza kutoa matumaini. Kingo zake zilianza kusogeleana, nesi akasema tuendelee hivyo hivyo. Mwaka huo Kwaresima na Ramadhani ziliingia pamoja, nikajiambia Mungu mwenyewe ameamua kunisaidia, maana mji mzima utakuwa umefunga.

Jirani yangu ana duka la vyakula. Ni Mwislamu, babu yake alitoka pwani, yeye amezaliwa hapa hapa. Jioni ya kwanza ya mfungo aliniletea sahani imefunikwa kwa kitambaa: tende, tambi za sukari na kaimati zinang'aa kwa shira. Sahani ya futari huikatai, na huirudishi tupu. Nikamrudishia ikiwa na mbaazi. Kesho yake akaona nimemheshimu sana, akaijaza zaidi. Nikarudisha mayai. Akaleta bakuli badala ya sahani. Kila nilivyoshukuru ndivyo utamu ulivyoongezeka, na mimi nilikuwa naugawa kwa wapita njia kabla mama hajaona, huku nikijisifu kwamba nimekuwa mtu wa chuma.

Sikuwa. Jioni moja mteja alikataa gauni nililolishona kwa siku nzima, akasema nimeharibu kitambaa chake, na alikuwa sahihi, ndiyo maana iliniuma. Sahani ikaja. Niliibeba mpaka nyuma ya jiko, nikafungua kitambaa, nikala kaimati moja. Nilipomaliza moja sikuwa na sababu ya kuacha. Nilikula nimesimama, kwa haraka, shira inatiririka kwenye kiganja, na naweza kusema kweli kwamba zilikuwa tamu kuliko chochote nilichowahi kula.

Niliosha mikono, nikasukutua, nikaingia ndani. Mama alikuwa kwenye kiti chake, mguu juu ya kigoda.

"Unanukia iliki," akasema.

Nikajifuta mdomo tena.

"Zimebaki?"

"Mama..."

"Nakuuliza zimebaki."

Zilikuwa zimebaki mbili. Mama akanyoosha mkono, kiganja juu. Hakuwa amekasirika, na ningefurahi sana kama angekasirika. "Tulikubaliana," akasema.

Nikamwambia ni kosa langu, anipige, anitukane, lakini asile. Bandeji ilikuwa pale pale mbele yangu, nyeupe, nilikuwa nimeifunga mwenyewe asubuhi. Mkono wake haukushuka. Mwishowe nilileta sahani, naye akachukua kaimati moja, akaila taratibu, akinitazama machoni kila anapotafuna. Kisha akachukua ya pili. Mimi nililia kwa sauti, mtu mzima mimi, nimekaa chini kwenye mkeka, na yeye akafuta vidole kwa upande wa kanga yake na kuniomba maji ya kunywa.

Kesho yake nilikwenda dukani kwa jirani na kumwambia yote. Alinitolea macho. "Kumbe mimi ndiye nakuua, jirani? Na wewe unanichekea tu, unaniletea mayai!" Akanigombeza mbele ya wateja, kweli kweli, kisha akanikumbatia. Kuanzia siku hiyo sahani ilikuja na samaki wa ziwani na bamia, na mimi nikaendelea kurudisha mbaazi. Sikuonja tena. Si kwamba hamu iliisha, ilikuwa inakuja saa zake zile zile na maneno yake yale yale. Lakini sasa kila ikija nauona ule mkono umenyooshwa, na mjadala unafungwa.

Ningependa kuandika kwamba kidonda kilipona. Hakikupona. Baada ya Pasaka kidole kilibadilika rangi, mama akalazwa, na kikakatwa. Daktari alisema huenda kilikuwa kimeshaharibika ndani kabla hata hatujafika kwake mara ya kwanza. Akaniambia na mimi nipime. Sukari yangu ilikuwa imeshuka, na nesi yule yule aliyenitangaza kwa watu wa benchi aliniambia kwa furaha kwamba nimepungua sana, hongera. Nilitaka kumpiga. Kupungua kwangu kulikuwa kwa ajili ya kidole, na kidole hakipo. Sasa hongera ya nini?

Nilitoka mpaka kwenye kibanda cha nje ya geti nikanunua soda, ya baridi, ile niliyokuwa nainywa zamani. Sikujali tena. Mapatano yalikuwa yameisha, tulikuwa tumeshindwa, na mimi nilikuwa nimechoka kukatazwa. Nikarudi nayo wodini nikidhani mama bado amelala. Nilikaa kwenye kiti pembeni ya kitanda, chupa mkononi.

Alikuwa amefumbua macho.

"Fungua," akasema. Sauti ilikuwa kavu kwa dawa za usingizi.

"Pumzika, mama."

"Fungua unywe. Na mimi unibakizie." Mkono ukatoka chini ya shuka, ukanyooka.

Nikamwambia haina maana tena, kidole kimeshaondoka, tulikuwa tunajitesa bure. Akaniuliza kama kweli nilidhani alikuwa anahangaikia kidole.

"Kidole changu nilijua kitaondoka. Mama yangu alianza hivi hivi. Wewe ningekwambia acha peke yako, ungeacha?"

Tulijua wote wawili kwamba nisingeacha.

"Zile kaimati nilizimeza kwa taabu," akasema. "Nilikula ili uone." Akapumua. Halafu akasema, bila uchungu wowote, kama mtu anayeeleza kilichobaki ghalani, "Vidole ninavyo vingine. Mtoto ninaye mmoja."

Kwenye kitanda cha pili alilala mama mmoja wa Bonga aliyevunjika mkono, na mwanawe alikuwa amekaa miguuni pake. Nilimpa yule kijana soda, akashukuru. Kisha nikarudi, nikaurudisha mkono wa mama ndani ya shuka, nikabaki nimeushika.