Nati Ndani ya Ukingo wa Pikapu

Nilitumbukiza nati ndani ya ukingo wa pikapu ya mzee wa watu, nikanyamaza, fundi akaufunga kwa moto. Naanza na hilo, mwanangu, nisije nikakuzungusha ukadhani siku ile nilikuwa mtu wa maana. Nina miaka kumi na sita tu, lakini kwenye ujinga mimi ni mstaafu. Kwa hiyo keti unisikilize.

Ilikuwa likizo. Mama alichoka kuniona nimelala nyumbani Miyuji kama gunia, akanipeleka gereji ya mjomba wangu, kule Ihumwa, nikashike msasa. Mjomba ni fundi bodi, ananyoosha na kupaka rangi magari. Ndipo ikaletwa pikapu nyeupe ya Mzee Issa, mtu wa Kondoa anayeuza alizeti mjini kwetu. Kingo za juu za bodi yake ya nyuma zilikuwa na yale matundu ya kuchomekea nguzo za mbao, magunia yakizidi. Ukingo wa kushoto ulikuwa pia umebonyea mahali pamoja, vishimo vishimo.

"Ziba matundu yote, fundi," alisema. "Na hapo palipobonyea palainishe, pawe kama hapajawahi kuguswa na mtu."

Mimi nilidhani mzee anataka urembo. Mjomba akachomelea vipande vya bati, tundu baada ya tundu. Lilipobaki moja, akaenda kunywa maji. Nikaokota nati chini, nikaitumbukiza. Nilikuwa nawaza tu mzee atakavyolizunguka gari lake, ameinama, akitafuta kinachogonga. Mjomba akarudi, akaziba. Tukapaka puti ya kusawazisha bati, nikasugua mpaka mabega yakalia, ikapigwa rangi. Ukipitisha kiganja juu ya ule ukingo, unateleza kama shavu la mtoto mchanga.

Wiki iliyofuata mzee akarudi, saa sita mchana, jua la kuchoma utosi. Nikampa shikamoo. Aliitikia huku anaangalia nyuma ya gari.

"Fundi, kuna mtu anagonga."

"Anagonga wapi, mzee wangu?"

"Nyuma."

Tukaangalia. Nyuma hakukuwa na kitu, hata punje ya alizeti.

Ndipo akatueleza, polepole. Mwanawe Rashidi alikuwa akikaa huko nyuma juu ya magunia. Akitaka kushuka aligonga ukingo mara mbili kwa spana, kama abiria wote wa pikapu wanavyogonga. Pale palipobonyea ndipo alipokuwa akigonga. Rashidi aliugua, akafariki. Mzee kila akitazama kwenye kioo cha pembeni alikuwa anaviona vile vishimo.

"Nikasema viondolewe, nipumzike," alisema. "Sasa naona nimemfungia humo ndani."

Nilitaka kucheka, mwanangu. Meno yalishatoka nje. Halafu nikauona mkono wa mzee ulivyoshika mlango wa gari, meno yakarudi yenyewe.

"Panda na mzee," mjomba akaniambia, "ukasikilize ni wapi."

Tukatoka. Kichwani nilikuwa na maelezo yote: ni nati, ni barabara mbovu, basi. Tulipokaribia reli, kimbunga cha vumbi kikasimama peke yake katikati ya uwanda, chembamba, kikizunguka bila kelele. Hapo nikasikia.

Ko. Ko.

Kisha kimya. Mzee akakanyaga breki palepale, katikati ya barabara. Lori likatupita likipiga honi, upepo wake ukatikisa gari zima. Yeye hakujali. Akashuka, akafungua mlango wa bodi ya nyuma, akasimama pembeni kidogo, kama unavyompisha mtu mwenye mzigo. Akangoja. Akafunga, akarudi kwenye usukani.

"Siku hizi nasimama," alisema. "Asije akapitilizwa."

Nikaona kabisa lori linalofuata litamkuta kasimama hapo hapo, na atakuwa ameuawa na nati yangu.

"Babu, ni mimi. Nilitia nati kwenye ukingo kabla tundu la mwisho halijafungwa."

Hakunipiga. Aligeuza gari.

Mjomba akaukata ukingo, rangi yote ile nzuri ikaungua. Nati ikaanguka kwenye vumbi. Mzee akaiokota, akaiweka kiganjani.

"Ni hii moja?"

"Moja tu, babu."

"Basi mbona anagonga mara mbili, halafu ananyamaza?"

Mjomba aliinamisha sikio kwenye ukingo, akalitoa haraka. Akachukua bati azibe upya. Mzee akamshika mkono.

"Hilo tundu liache wazi, fundi."

Akaondoka hivyo, ukingo laini wote na tundu moja. Alipofika getini taa za breki zikawaka. Hakushuka safari hii. Gari lilisimama tu, kwa muda unaomtosha mtu kuruka chini, kisha likaenda.

Sasa sikiliza, mwanangu. Utani mimi sijaacha, na wewe sikukatazi. Ila kabla hujakichezea kitu cha mtu, muulize kwanza kimembebea nini. Huwezi kujua kwa kukitazama, hasa kikiwa kimelainishwa vizuri. Na ukishakosea, sema kabla rangi haijakauka, maana baada ya hapo mpaka uchome. Mungu akupe mikono yenye adabu kuliko yangu, na kila unayempenda afike anakoshukia.

Jioni ya siku ile nilimweleza mama yote. Alikuwa anachambua mlenda, hakuinua kichwa mpaka nikamaliza. Akasema: "Kula. Kesho asubuhi nenda ukamwamkie yule mzee, umpakilie magunia yake. Akikupa lifti, kaa mbele. Na ukitaka kushuka, mwambie kwa mdomo. Usigonge."