Nilimpa Mwanangu Ishirini kwa Mia Bila Kujua

Msimamizi wa ukurasa, jina langu naomba libaki kwako, ila maneno yangu yaweke yalivyo hata yakiwa marefu. Mimi ni mzee wa miaka sabini na moja, mwalimu mstaafu, nakaa Nyasho hapa Musoma. Mke wangu nilimzika Butiama miaka minne iliyopita. Binti yangu mmoja ameolewa Bunda na ana mtoto wa kike wa miaka tisa. Binti huyo nilimpa jina la mama yangu mzazi, ndiyo maana tangu utoto wake namwita Mama.

Baada ya msiba, mwanangu wa kiume aliniwekea televisheni na king'amuzi ili nisikae kimya peke yangu. Nikawa natazama kila kitu, na kwa sababu kazi ya zamani haikunitoka, nikaanza kusahihisha. Kila nilichotazama nilikipa alama na kuziandika kwenye kundi la familia kwenye simu, pamoja na sababu. Filamu moja ya mapigano ilipata thelathini, kwa kuwa mtu amepigwa risasi ya bega jioni, asubuhi anabeba mtoto kwa mkono uleule. Nyingine ya hapa nchini niliipa arobaini. Mke wa mfugaji ana kucha za kubandika, na anakamua ng'ombe wa kienyeji bila kumleta ndama anyonye kwanza. Ng'ombe wa namna hiyo hatoi maziwa, anatoa teke. Lakini tamthilia moja ya kigeni ilipata themanini, ingawa midomo na maneno ya tafsiri havikutani kabisa, kwa sababu humo watu wakiketi kula wanakula kweli.

Nieleze jambo kwa wasomaji wa mbali. Kwetu, baba haulizi mambo ya ndani ya nyumba ya binti yake aliyeolewa, na binti hamwambii baba. Hayo hupelekwa kwa mama au shangazi. Mama yake hayupo, na shangazi yake wa Suguti hasikii tena vizuri kwenye simu. Kwa hiyo mimi na binti yangu tulibaki na tamthilia. Kila Jumapili baada ya ibada alinipigia. "Shikamoo Baba. Umeipa ngapi?" Tukabishana mpaka salio linakatika.

Mwaka huu ilianza tamthilia ya mwanamke muuza vitenge ambaye mumewe anampiga. Binti yangu akawa ananiuliza habari za huyo mwanamke tu, nyingine zote akaziacha. Mimi nilifurahi, nikaona amejifunza kutazama kwa makini. Jumapili moja, baada ya kipindi ambacho mwanamke huyo alifungasha nguo na kurudi kwao, aliniuliza, "Baba, ungekuwa wewe ndiye baba yake, ungefanyaje?"

Nikamjibu, "Ningempa chakula, alale, asubuhi nimsindikize stendi arudi kwake."

"Hata kama anapigwaga?"

"Mama, huyo mwanamke ameandikwa vibaya. Vipindi kumi yupo kimya, anapika, anacheka na wageni. Mtu mwenye shida husema. Nampa ishirini."

Kisha akasema, "Haya, Mwalimu. Nimekusikia." Hakuwahi kuniita Mwalimu maishani mwake. Tangu hapo bado anapiga, anauliza nimeipa ngapi, namtajia, anashukuru, anakata. Habishi tena.

Shule zilipofunga, mjukuu akaja kwangu. Jumatano mchana tulikuwa tunatazama katuni, yeye anakula kiazi, mara akachukua rimoti na kupunguza sauti mpaka sikusikia kitu.

"Ongeza, masikio ya babu yako yamechoka."

"Babu, sisi tunaangaliaga hivi. Ili tusikie baba akifungua geti."

"Akifungua inakuwaje?"

"Tunazima. Mama anaenda jikoni, mimi naendaga kulala hata kama sina usingizi. Siku zingine anampigaga hukohuko jikoni."

Alisema huku anatafuna, kama anayenieleza ratiba ya shule. Nikamuuliza kwa nini hawakuja Nyasho. Akanitazama kwa huruma.

"Mama alikuwa ameshapanga nguo kwenye begi. Halafu akazitoa. Alisema babu anampaga ishirini anayerudi kwao."

Sijaandika alama tena kwenye kundi tangu siku hiyo.

Nilimpigia mdogo wangu, ambaye ndiye tunayeamua naye mambo ya ukoo. Akasema, "Kaka, ng'ombe wa mahari ya binti huyo ndio kaka yake alioolea mke. Akirudi, wakwe watawataka. Usichokoze nyuki." Nilimwacha amalize, maana wiki chache nyuma ningesema hayohayo.

Nikienda Bunda, kwetu baba mkwe haingii nyumbani kwa mkwewe bila kuitwa, na mume atajua kuna aliyesema. Aliyesema ana miaka tisa, na Jumatatu shule zinafunguliwa, anarudi kulekule. Nikimuuliza binti yangu kwenye simu, pengine mume amekaa pembeni, atasema ni wazima. Nikikaa kimya, namuunga mkono yule baba wa stendi niliyejifanya mimi mwenyewe.

Nilipokuwa kazini, nikikosea kusahihisha daftari la mtoto, nilimwita nikabadilisha alama mbele ya wenzake. Keshokutwa ni Jumapili. Atapiga na kuniuliza ngapi. Nimefikiria kumwambia kwamba nilikosea, yule mwanamke nampa mia, na kwamba mimi ningekuwa baba yake ningekuwa nimeshatandika kitanda, cha kwake na cha mtoto, na ng'ombe wangekuwa shauri la wanaume. Lakini naogopa isije ikawa najificha tena nyuma ya tamthilia, wakati mwanangu anahitaji kusikia jina lake likitajwa.

Ninyi mliowahi kupanga nguo kwenye begi mkazitoa, nishaurini. Siku ile mlitaka kusikia nini kwa baba zenu?