Aliyekatazwa Kusema Nyasaye

Wiki iliyopita mama mmoja mjane aliyekuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, huko Kawangware alifariki, na msomaji wangu utanisamehe, kwani nimeshindwa kumwomboleza kwa upole. Tulifahamiana zamani tukiwa wapangaji wa ploti moja Makina, kabla hajahamia Kawangware. Huko alikohamia, kanisa lake lilianzia chumbani mwake, waumini wakikalia kitanda na ndoo, na lilipojengewa mabati ni yeye aliyewapikia mafundi. Akiomba, alimwita Mungu kwa jina alilofundishwa na mamake kule Magharibi mwa nchi: Nyasaye.

Kisha akaja mchungaji mpya na fundisho kwamba ombi lisilotaja jina la Kiebrania halifiki mbinguni. Nilikuwa mgeni pale Jumapili aliyomkatiza mama huyu katikati ya maombi. "Mama, hiyo Nyasaye ni ya kienyeji. Sema Yahweh ama ukae chini." Mama akafungua macho taratibu. "Pastor, mtoto yangu alikuwa karibu kufa, nikaita Nyasaye na akapona. Sasa hiyo siku ni nani alishika simu?" Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichomponza. Akatengwa. Alipougua, mchungaji hakukanyaga kwake, na alipokufa ukaja ujumbe kwamba marehemu hakuwa mshirika.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kiburi hiki kinajifanya elimu. Wayahudi, wenye lugha yenyewe, wakilifikia jina lile la herufi nne hawalitamki, kwa kulicha. Husoma Adonai, yaani Bwana wangu, na katika mazungumzo wengi husema HaShem, yaani Jina, basi. Sisi tumelifanya rungu la kuwapigia wajane. Na Maandiko hayo hayo yana Elohim, yana El Shaddai, tena yana El Roi, Mungu anionaye, jina ambalo Mungu alipewa na kijakazi wa Kimisri aliyekimbilia jangwani kwa kuteswa na bibi aliyemtumikia. Hakuna aliyemwambia akae chini.

Asubuhi ya kumsafirisha kwao, wanawake wa kanisa lile walikuja mochari kwa kujiiba. Tukalizunguka jeneza. Kila mmoja alikuwa na ombi, na kila mmoja aliogopa kuanza, maana jina la kwanza kutajwa lingemfikia mchungaji. Aliyetuzindua ni jirani yetu wa zamani, Mnubi wa Makina, Mwislamu. "Mnangoja nani? Muiteni Mungu vile huyu alikuwa anamuita. Mimi nitasema amina." Dada mmoja akasema Nyasaye, na wengine wakafuata wakilia. Kisha gari likaondoka.

Tangu utotoni tumefundishwa tusilitaje bure jina la Mungu. Sasa nimejua kulitaja bure ni kufanya nini: ni kulitumia kumziba mdomo mtu aliyekuwa akimwita.